Kuzuia Nyoka Wageni Wasienee: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Katika msimu wa vuli mwaka uliopita nilishusha vyungu arobaini vya maua kutoka kwenye lori lililotoka Dar es Salaam, nikavipanga kivulini katika kitalu changu cha miche huku Nyegezi. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nilikuta juu ya udongo wa chungu kimoja kitu cheusi, chembamba kama kamba ya kiatu, kifupi kuliko penseli mpya, kinachong'aa kana kwamba kimepakwa mafuta. Utingo wa lile lori, aliyelala kwangu akisubiri mzigo wa kurudi nao, alikitazama mara moja akasema, "Hiyo nyungunyungu tu, mzee wangu, usihangaike." Nilikigeuza kwa kijiti. Nyungunyungu ana pete mwilini na ana utelezi. Huyu hakuwa na pete hata moja, magamba yake yalikuwa laini kama kioo, ncha ya mkia wake ilikuwa na kimwiba, na nilipoinama zaidi niliona ulimi ukitoka na kurudi.

Yuko nyoka kipofu mwenye asili ya Asia, Indotyphlops braminus kwa jina la kisayansi, ambaye amesambaa duniani kuliko nyoka mwingine yeyote kwa kusafiri ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Katika Afrika Mashariki amekwisha kuingia miji ya pwani na Zanzibar. Hana madhara kwa binadamu. Chakula chake ni mayai na viluwiluwi vya siafu, chungu na mchwa. Kinachomfanya awe somo ni uzazi wake: aina nzima ni majike, na jike mmoja hutaga mayai yenye uhai bila kukutana na dume. Chungu kimoja chenye nyoka mmoja kinatosha kuanzisha ukoo mzima katika mji mpya. Kanda yetu ina nyoka vipofu wake wa asili pia, na kuwatofautisha na huyo mgeni ni kazi ya mtaalamu anayehesabu magamba kwa kioo cha kukuzia, hivyo sikileti kisa hiki kama ushahidi kwamba mgeni ameshapiga hodi Mwanza. Nakileta kwa sababu kinaonyesha mlango anaoingilia, na mwongozo huu kwa sehemu kubwa ni habari ya milango. Nyoka mgeni huzuilika kwa urahisi akiwa bado ndani ya mzigo. Akishaingia kwenye majani, gharama ni nyingine kabisa.

Mgeni ni yupi, mwenyeji ni yupi

Kabla ya kuchukua fimbo ni lazima tujue tunayepambana naye, maana watu wengi wa mwambao huita kila nyoka aliyeongezeka "nyoka wa kuletwa". Chatu anayemeza mbuzi pembezoni mwa matete, swila anayetema mate, kifutu anayelala njiani kama kipande cha gogo, koboko wa kwenye miamba: wote hawa ni wenyeji. Walikuwapo kabla ya Mwanza kuwa mji, na wanakula panya kwa wingi usiopimika. Tukiwaona wengi zaidi, maana yake aghalabu ni kwamba sisi tumehamia kwao, au chakula chao kimehamia kwetu, au maji yamewasukuma kutoka walikokuwa. Wanahitaji kuzuiwa wasiingie ndani ya nyumba, lakini hawahitaji kumalizwa. Nyoka vamizi ni yule aliyevushwa na binadamu, kwa kujua au bila kujua, akafika mahali ambapo viumbe wa pale hawajui kumkwepa na hakuna wa kumpunguza.

Mfano ulio wazi zaidi ni chatu wetu wenyewe. Chatu huyu wa Afrika, ambaye hapa ana adui zake na mipaka yake, alipelekwa Marekani kwa biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani, wengine wakatoroka au wakaachiwa, na leo ana makazi yake katika eneo dogo magharibi mwa Miami, katika jimbo la Florida. Mwezi Januari 2012 serikali ya Marekani ilimworodhesha miongoni mwa viumbe waharibifu pamoja na chatu wa Burma. Kwetu ni mwenyeji, kule ni mvamizi, naye ni mnyama yuleyule.

Huyo chatu wa Burma ndiye aliyeleta msiba mkubwa zaidi katika eneo kubwa la kinamasi la Everglades, hukohuko Florida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha wanyama waliohesabiwa usiku barabarani kabla na baada ya chatu kuenea, ukakuta kwamba kuonekana kwa rakuni, mnyama aliyekuwa wa kawaida kabisa kule, kumepungua kwa asilimia 99.3. Serikali imeajiri wawindaji wanaolipwa tangu mwaka 2017, inafanya mashindano ya kukamata chatu kila mwaka, na watafiti wamefikia hatua ya kuwatia madume vifaa vya redio ili wawaongoze hadi walipo majike. Mwaka 2022 walitangaza kwamba wamemkamata kwa njia hiyo jike mmoja mwenye kilo 98, na tumboni mwake mlikuwa na mayai 122 yaliyokuwa yakikua. Pamoja na juhudi zote hizo chatu bado wapo, kwa sababu mtu anaweza kusimama hatua tatu kutoka kwa chatu aliyelala kwenye nyasi na asimwone.

Kwa wasomaji wa visiwani mfano wa pili una uzito zaidi. Guam, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 540, kwa hiyo kinakaribia kulingana na Ukerewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia meli za mizigo ya kijeshi zilimleta huko nyoka wa kahawia wa mitini kutoka upande wa Papua Guinea Mpya. Hakuna aliyemjali. Ilipofika miaka ya 1980, kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zilikuwa zimetoweka au zinamalizikia. Ndege walipokwisha, buibui waliongezeka hadi watafiti wakahesabu mara 40 ya idadi ya visiwa vya jirani katika msimu wa mvua. Na umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara kwa sababu nyoka walipanda nguzo na kugusisha nyaya. Msomaji wa Ukerewe ajaribu kuamka alfajiri moja asisikie ndege hata mmoja kuanzia Nansio hadi Bwisya ng'ambo ya maji.

Kukagua mzigo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mwanza inapokea mizigo kutoka kila upande: malori yanayotembea zaidi ya kilometa 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam, meli na mashua kutoka upande wa Uganda na Kenya, mbao, mirunda, mabomba, magari yaliyotumika, vyungu, udongo na samadi. Nyoka hapendi safari. Yeye hujificha tu mahali penye giza, pembamba na penye utulivu, kisha mahali hapo hupakiwa na kusafirishwa. Kisiwani Ibiza, nchini Hispania, nyoka walifika ndani ya mashimo ya mizeituni mikongwe iliyonunuliwa kupamba bustani za hoteli, na sasa wanawamaliza mijusi wa asili wa kisiwa kile. Mnunuzi wa mti hakununua nyoka, ila risiti yake ililipia wote wawili.

Jambo la kwanza ni kushusha mzigo mchana. Najua makuli wengi hupenda kushusha usiku kwa sababu ya jua na kwa sababu lori linataka kuwahi kugeuza, lakini mzigo unaoshushwa gizani haukaguliwi hata kama kila mmoja ana tochi ya simu. Chagua uwanja mtupu, ikiwezekana sakafu ya saruji, ulio mbali na majani, ukuta wa mawe au mtaro, ili nyoka akitoka aonekane na asiwe na pa kukimbilia. Vaa gambuti na glavu ngumu. Turubai lifunuliwe kutoka upande ulio mbali nawe, kwa fimbo ndefu, polepole, kisha liachwe dakika chache kabla ya mkono wa mtu kuingia.

Mabomba na vyuma vyenye uwazi vigongwe, kisha mtu amulike tochi upande mmoja na mwingine achungulie upande wa pili. Kama unanunua kwa wingi, mwombe muuzaji azibe ncha kwa karatasi ya nailoni kabla ya kupakia, kwani ni gharama ndogo sana. Matairi yaliyotumika yapinduliwe moja moja. Mbao na mirunda iinuliwe kwa kuanzia juu, kamwe usivute ubao wa katikati. Magunia ya mkaa yapigwe mateke mepesi na yaachwe kwanza. Mashine na magari yaliyokaa muda mrefu yadi yafunguliwe boneti na kukaguliwa chini ya viti, maana joto la injini iliyozimwa jioni humvutia nyoka usiku.

Udongo na samadi vinahitaji jicho la aina yake, kwa sababu humo husafiri mayai. Majike wengi hutaga kwenye lundo la mboji au samadi linalochemka kwa uozo, ambalo huyatunza mayai kwa joto lake. Yai la nyoka ni jeupe, refu kidogo, na likibonyezwa hubonyea kama ngozi laini. Mara nyingi yamegandana kwa fungu. Usiyachanganye na vijiyai vidogo vya mviringo, vigumu, vya mjusi kafiri, ambavyo kila mwenye kitalu huvikuta nyuma ya ubao. Chekecha udongo kabla ya kuujaza kwenye viriba. Ni kazi ya kuchosha, lakini miche yako itakushukuru hata kama hukupata yai lolote.

Kuhusu mimea ya vyungu nimejiwekea utaratibu tangu asubuhi ile, na kila mwenye kitalu, hoteli au bustani ya nyumbani anaweza kuufuata. Chungu kilichotoka mkoa mwingine hakigusi ardhi yangu kwa siku kumi na nne. Kinakaa juu ya meza ya mbao ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo yenye maji, mbinu ileile ya mama zetu ya kuzuia siafu kwenye kabati la chakula. Siku ya kwanza nakizamisha kwenye beseni hadi maji yafunike udongo, nakiacha kwa saa moja, maana udongo ukijaa maji vilivyomo hupanda juu, kama nilivyoona baada ya ile mvua. Kisha nakigonga, natoa bonge la udongo pamoja na mizizi, nalitazama pande zote na kulirudisha. Mimea inayotoka nje ya nchi iwe na cheti cha afya ya mimea. Asiye nacho usinunue kwake, hata kama bei inavutia. Na kama unaweza kuchukua kipandikizi kisicho na udongo ukakiotesha mwenyewe, basi umeumaliza mjadala mzima.

Ukimkuta nyoka ndani ya mzigo, awe hai au mfu, usimtupe na kusahau. Piga picha ukiweka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, andika mzigo ulitoka wapi na lini, na upeleke habari kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Mfu anaweza kuwekwa kwenye chupa yenye spiriti. Taarifa ya namna hii ndiyo iliyokosekana Guam katika miaka ya mwanzo.

Ziwa nalo hubeba

Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa maana ya kiumbe mgeni. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikapotea. Gugu maji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilitapakaa mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mitumbwi ikashindwa kutoka mwaloni, likapunguzwa baadaye kwa fukusi walioletwa kulila. Lisilosemwa sana ni kwamba gugu lenyewe ni chombo cha usafiri. Kisiwa cha magugu kinachosukumwa na upepo kutoka ghuba moja hadi nyingine hubeba konokono, kenge na nyoka, na mvuvi anayekisukuma kwa kasia ili apate njia anajua kwamba haifai kuingiza mkono mtupu.

Kwa hiyo kikosi kinachong'oa magugu ufukweni kifanye kazi kwa reki ndefu na gambuti, na magugu yakishatolewa yasirundikwe kando ya nyumba yakaoza hapo. Lundo bichi la magugu ufukweni ni kivuli, unyevu, vyura na panya kwa pamoja. Litandazwe juani likauke, au lipelekwe mbali likafanywe mboji. Vilevile, maji yanapopanda tutarajie nyoka wa kwenye matete kupanda nayo, kama ilivyotarajiwa mwaka 2020 ziwa lilipofikia kina kilichovunja rekodi ya mwaka 1964. Katika miezi ya namna hiyo, mwenye nyumba karibu na ufuo akate majani hadi hatua kumi kutoka ukutani badala ya mbili au tatu alizozoea.

Nyumba, banda na miamba

Jiji letu limejengwa juu ya mawe, na nyumba nyingi za Bugarika, Mabatini na Igogo zimebanana na miamba ambayo hakuna awezaye kuihamisha. Haina haja. Nyufa zinazogusana na ukuta wa nyumba zijazwe kokoto na saruji; zilizo mbali zaidi zibaki, ila zisitiwe takataka. Naomba niseme wazi jambo linaloniudhi: kifuko cha taka kinachotumbukizwa kwenye ufa wa mwamba ili gari la taka lisilipwe ni karamu ya panya, na panya ni karamu ya nyoka, kisha mwenye kifuko ndiye wa kwanza kulalamika kwenye mkutano wa mtaa.

Kipimo cha uwazi ni milimita sita. Kwa lugha ya nyumbani, penseli ikipita, mtoto wa nyoka anapita. Tembea kuzunguka nyumba ukiwa na penseli mkononi, uijaribu chini ya mlango, pembeni ya bomba la maji linapoingia ukutani, kwenye matundu ya hewa, kwenye bomba la choo, na pale bati linapokutana na ukuta. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira wa tairi. Kwenye matundu weka wavu wa chuma wa tundu dogo. Penye bomba tia saruji. Tawi la mwembe linalogusa bati likatwe.

Nafaka ikae kwenye pipa la bati lenye mfuniko, si gunia lililoegemezwa ukutani. Kuni ziwekwe juu ya kichanja chenye urefu wa magoti, mbali na jiko. Mabaki ya samaki na dagaa yaliyomwagika kwenye vichanja vya kuanikia yafagiliwe jioni ileile.

Banda la kuku lina kosa lake maalumu. Wengi hutumia wavu wa kuku wenye matundu mapana, ambao humzuia kuku asitoke bila kumzuia nyoka asiingie. Mara mbili nimemkuta nyoka asubuhi amenasa kwenye wavu huo, nusu ndani na nusu nje: aliingia mwembamba, akameza kifaranga, akashindwa kutoka kwa tumbo. Badili upande wa chini, hadi sentimita 90, uweke wavu wa milimita sita, uufukie sentimita 15 ardhini, na uulaze kidogo kuelekea nje ili anayepanda akutane na mteremko dhidi yake. Okota mayai kila jioni.

Visivyosaidia

Kumwaga mafuta ya taa au oili chafu kuzunguka nyumba huharibu udongo na maji ya kisima, na nyoka huvuka mafuta yakishakauka. Salfa na vidonge vya nondo vya kuweka kabatini vilishajaribiwa kitaalamu na havikumzuia nyoka kupita. Kuchoma matairi kunaumiza mapafu ya watoto kuliko nyoka. Kuchoma vichaka vyote hufukuza nyoka kuelekea kwa jirani, na panya hurudi mapema kuliko nyoka.

Kuna wanaopendekeza kuleta mnyama anayekula nyoka. Hao wakumbuke kisiwa cha Amami Oshima nchini Japani, ambako mwaka 1979 waliachia nguchiro wapatao 30 ili wapunguze nyoka wenye sumu. Nguchiro huwinda mchana, nyoka wale hutembea usiku. Nguchiro wakageukia sungura adimu wa kisiwa kile, na ilichukua hadi mwaka 2024 kutangazwa kwamba wamemalizwa. Nguchiro wetu wa asili wapo vichakani na wanafanya kazi yao; tusiwahamishe.

Kuhusu sumu ya kutegea, Guam imefika mahali pa kudondosha kwa helikopta panya wafu waliotiwa miligramu 80 za parasetamoli, kiasi kinachotosha kumuua nyoka yule wa kahawia, pamoja na kuweka mitego yenye panya hai ndani ya kizimba na kutumia mbwa wa kunusa mizigo bandarini. Ni mbinu ya kisiwa kisicho na nyoka wengine wengi wa kudhuriwa, nayo hufanywa chini ya usimamizi. Mtu asijaribu kutupa panya wenye dawa kwenye matete ya Luchelele; atakayekufa ni paka wa jirani, kenge na nyoka wenyeji wanaotusaidia.

Ukikutana naye

Simama. Nyoka aliyeonekana ana hatari ndogo kuliko aliyepotezwa machoni, kwa hiyo mtu mmoja abaki akimwangalia kutoka hatua nne au tano, wengine waondoe watoto na mifugo, na apigiwe simu mwenyekiti wa mtaa au afisa wanyamapori. Mwachie njia ya kutokea. Watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kumuua. Ikiwa ni swila, kaa mbali zaidi na ukinge macho kwa miwani au hata kwa kitambaa chepesi, kwani hulenga uso.

Chatu mkubwa asishikwe na mtu mmoja, wala mayai yake yasiguswe akiwa ameyazungushia mwili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyamapori au kumfuga bila kibali, na hapa kuna sababu ya ziada: chatu aliyekamatwa Sengerema akauzwa mjini, kisha akamchosha mfugaji na kuachiwa kwenye kisiwa asichokuwapo, ameshakuwa mgeni. Florida ilianza hivyohivyo. Ukiwa na nyoka wa kigeni uliyempata kwa njia yoyote, usimwachie porini kwa huruma. Mkabidhi kwa maafisa.

Tuna pia hazina ambayo halmashauri zetu haziitumii. Bayeye, chama cha ngoma cha Wasukuma wanaocheza na nyoka, ambao watu wengi huwaona kwenye sherehe za Bujora pale Kisesa na kuwapigia makofi tu, wana ujuzi wa vizazi wa kutambua nyoka, kujua anapolala na kumshika bila kumuumiza. Mwaka 2017 Florida iliwaalika wawindaji wawili wa kabila la Irula kutoka kusini mwa India, na katika muda usiotimia wiki mbili walikamata chatu 13 kwa kusoma alama za ardhini tu, kazi iliyowashinda wengi wenye vifaa. Sioni kwa nini mtaa wa Kisesa au Igoma usiwe na orodha ya watu wa namna hiyo wa kuitwa.

Akiuma

Mtulize mgonjwa, mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, funga kiungo kwa banzi kama unavyofunga mfupa uliovunjika ili kisitikisike, na umpeleke hospitali bila kumtembeza. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usiweke jiwe jeusi, usimpe pombe. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa robo saa nzima, kisha nenda hospitali. Zahanati nyingi hazina dawa ya kuzuia sumu, kwa hiyo ulizia mapema, kabla ya shida, kituo kipi cha karibu kinayo. Katika kanda yetu Hospitali ya Rufaa ya Bugando ndiyo kubwa. Usipoteze muda kumfukuza nyoka ili umbebe kama ushahidi; picha ya simu kutoka mbali inatosha. Na wanaolala chini walale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya mkeka au godoro, kwa sababu chandarua kinachozuia mbu humzuia pia nyoka anayefuata panya usiku.

Kwa wanaokwenda visiwani

Visiwa ndivyo vyenye kupoteza zaidi. Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ni mwendo wa dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, na Rubondo ina misitu ambayo haikukatwa. Wavuvi wanaohamia kambi za Ukara, Goziba na kwingineko hubeba nyasi za kuezekea, kuni, magunia matupu na matenga, vyote vikiwa maficho mazuri mno. Napendekeza viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa kila mwalo watenge sehemu moja iliyofagiliwa, ambapo kila mzigo wa nyasi hufunguliwa, hukung'utwa na kufungwa upya kabla ya kupakiwa. Matenga yapinduliwe, magunia yageuzwe ndani nje, na chini ya mbao za sakafu ya mtumbwi pamulikwe tochi. Ikiwa mzigo umelala mwaloni usiku mmoja baada ya kukaguliwa, ukaguliwe tena asubuhi kabla ya mtumbwi kusukumwa majini.